Kisu Alichokichomoa Thelma Bagshaw

Thelma Bagshaw hakula mahali popote bila kwanza kupindua kisu. Hata kwenye harusi ya mpwa wake, bibi harusi hajafika hata katikati ya ukumbi, yeye alikuwa amekwishageuza visu na uma za meza nzima akitafuta muhuri wa Sheffield, mji wao wa wafua visu. Akiuona, roho yake kwatu. Akiukosa, chakula kinamkaa kooni. Msimcheke, kwao ndivyo walivyo. Mama yake na bibi yake walimaliza ujana wao kiwandani wakisugua visu mpaka ving'ae, nyuso zimejaa masizi, na mtu aliyelelewa na mikono ya namna ile hali kwa chuma asichokijua kwao.

Yeye mwenyewe alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Visu vya jiko la shule vilikuwa butu, havikati hata nyanya iliyoiva, kwa hiyo alipikia kisu chake, alichorithi kwa mama. Jumamosi moja asubuhi alikwenda kukichukua kwa mnoaji wa sokoni. Mnoaji alikiviringisha kwenye gazeti, Thelma akakitia chini kabisa ya kikapu na kukifunika kwa viazi. Mpaka hapo alikuwa na akili zake timamu. Sheria ya Uingereza haina mchezo na visu: cha jikoni hakitembezwi barabarani bila sababu nzuri, na kusema "nilisahau" hakumwokoi mtu.

Balaa lilianzia mgahawani, palepale sokoni, alipoketi na shoga yake Avril kunywa chai. Kama kawaida, akapindua kisu cha siagi.

"Unatafuta bei, bibi?" akauliza mwanamume wa meza ya pili, mgeni wa kutoka London aliyekuja kutazama mpira.

"Natafuta kwao."

"Kwao China! Siku hizi Sheffield hamtengenezi hata kijiko. Mnauza jina tu."

Avril aliona masikio ya mwenzake yakiiva. "Thelma, achana naye. Kunywa chai yako."

Ni kama kuuambia ukuta. "Jina? Ngoja nikuonyeshe hilo jina!" Viazi vikabingirika sakafuni, gazeti likachanika, na kisu, kirefu kuliko kiganja na makali yake mapya, kikawa hewani mbele ya pua ya mgeni. "Soma! Au London hamfundishwi kusoma?"

Mgeni alirudi nyuma na kiti chake. Kule kaunta sinia lilianguka, vikombe vikavunjika. Hapo ndipo Thelma alipokilaza kisu mezani na kutazama huku na huku, akishangaa kwa nini watu wote wanamtazama.

Hata chai haijapoa, polisi wawili wakaingia. Mkubwa wao, Konstebo Nabil Saleh, alikuwa mzaliwa wa mtaa wa jirani.

"Mjinga gani kawaita?" Thelma akafoka. "Watu wazima tunazungumza hapa!"

"Huyo tutamfikia, mpenzi," alisema Nabil, maana Sheffield hata polisi hukuita mpenzi kabla hajakukamata. "Kisu chako hiki?" Akakichukua, na mkono wake wenyewe ukakigeuza kuangalia muhuri. "Cha zamani. Babu yangu alitoka Yemen kuja kuyeyusha chuma cha hivi."

"Si unaona! Wewe unaelewa."

"Kisu nimekielewa. Wewe bado."

Alimtuma mwenzake kwa mnoaji. Mwenzake akarudi akasema ni kweli, bibi huyu amekichukua sasa hivi. Thelma akanyanyua kidevu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Usifurahi mapema," Nabil akamwambia. "Kukitoa kwa mnoaji ukakipeleka nyumbani, hiyo ni sababu nzuri. Kumchomolea mtu mezani si sababu hata kidogo. Nina haki ya kukupakia garini sasa hivi."

Thelma alijua maana yake: mwenye kesi ya kisu hakanyagi jiko la shule tena. Aliwaona watoto wake wa foleni ya mchana, wanaomwita Bi Karoti, wakipakuliwa chakula na mtu mwingine. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa chake.

"Sikutaka kumdhuru mtu, mwanangu," akasema, sauti imeshuka. "Nilikuwa najisifu tu."

"Nakuamini. Lakini siamui kabla sijamsikia aliyepiga simu."

"Ni mimi." Mhudumu wa mgahawa, binti anayeitwa Kezia, alitoka nyuma ya kaunta. "Mimi ndiye huyo mjinga."

Thelma alitamani sakafu immeze.

"Kaka yangu alichomwa kisu kituo cha basi," Kezia akaendelea. "Alipona, lakini mkono wake haukunji ngumi. Nikiona kisu kimeinuliwa, simwoni bibi wala muhuri. Namwona kaka tu." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nani wa kumlaumu?

"Alikutishia wewe, au huyu bwana?" Nabil akauliza.

Kezia alimtazama Thelma. Neno moja lingetosha kummaliza.

"Hapana," akasema. "Alikuwa anagombania jina tu. Ila alinitia hofu, na nataka alijue hilo."

Mgeni wa London naye akakiri kwamba yeye ndiye aliyechokoza. Nabil akavuta pumzi, akakiviringisha kisu kwa kitambaa cha Avril, akakifunga kwa utepe wa gundi mara tatu. "Moja kwa moja nyumbani. Nikikukuta umekaa mahali nacho, sitamkumbuka babu yangu."

Thelma hakuondoka. Aliinama akaanza kuokota vigae vya vikombe, Kezia akachuchumaa kando yake.

"Nisamehe, mwanangu. Maisha yangu yote kisu kwangu ni chakula na heshima ya mama yangu. Sikuwahi kukitazama kutoka upande wako."

"Nitapiga tena simu, bibi. Yeyote akikichomoa humu, nitapiga."

"Piga," Thelma akasema. "Hata ukiona ni mimi, piga."