Kocha Aliyeniambia Inama

Nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe, hapahapa Sumbawanga, wala sikuwa na homa. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Mimi ni fundi cherehani, kazi ya kukaa kutwa. Mwaka jana daktari alinipima presha akaniambia nipunguze mwili, la sivyo wanangu watabaki wenyewe. Baba yao alishafariki. Niliogopa sana, nikaanza kutafuta mtu wa kunifanyisha mazoezi.

Jimu ya mjini nilikwenda mara moja tu. Kocha alikuwa kijana mpole, lakini maswali! Natumia dawa gani, goti lipi linauma, usingizi naupata? Nikamwona msumbufu. Na vile vioo vyao vinakuonyesha hata usichotaka kukiona.

Kesho yake alfajiri nikajitembelea peke yangu njia ya Pito, ukungu umetanda. Kando ya njia amesimama mwanamume, kavaa traksuti, taulo shingoni.

"Mama, unatafuta kocha," akasema.

Hakuuliza, alisema. Na mimi, niaminini, nilifurahi kupata mtu asiyeuliza kitu.

Zoezi lake lilikuwa hilohilo kila alfajiri. Miguu peku, tanua, inama, vuta kwa mikono miwili, geuza, rudi nyuma hatua moja. Hela hakutaka. Nikimuuliza, "Kocha, kwenu wapi?" anajibu, "Inama, mama." Jina lake je? "Inama."

Mwili ukapungua kweli. Presha ikashuka, daktari akanipongeza, magauni yangu nikayabana mwenyewe kwa raha zangu. Viganja tu ndivyo vilivyoota sugu, na mimi kwenye zoezi sishiki chochote. Nikasema ni mkasi.

Siku moja nilichoka, nikaacha zoezi katikati nikarudi nyumbani. Kesho yake sikwenda kwake, nilikuwa na safari ya kupeleka sare za harusi Matai. Bodaboda ikapata pancha njiani. Dereva akaanza kuziba, mimi nikasogea kwenye shamba lililokuwa jirani.

Walikuwa wamepiga ntumba, yale matuta ya duara tunamofukia nyasi zioze ziwe mbolea. Yalikuwa mabichi, yamepangwa vizuri mpaka katikati ya shamba. Nusu nyingine nyasi zimesimama. Kwenye udongo kulikuwa na nyayo za mtu peku, na mguu wa kushoto hauna kidole cha mwisho.

Mimi mguu wangu wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilivua kiatu nikakanyaga juu ya ile alama. Ikanikaa sawasawa.

Nilipoinua macho, bibi mmoja alikuwa amechuchumaa pembeni ya matuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jana umeniachia nusu. Kocha kanieleza umechoka. Pole sana."

Alisema kwa upole, kama mtu na mkwewe. Kisha akaongeza, "Yule wa kabla yako hakuchoka kabisa, mpaka siku aliyoanguka."

Sikumbuki niliagaje. Sare nilizifikisha, na njia ile ya Pito sijaikanyaga tena alfajiri. Nilirudi kwa yule kijana wa jimu, nikamjibu maswali yake yote, hata aliyosahau kuuliza. Presha ilipanda, sasa inashuka polepole, na nashukuru kwa huo upolepole.

Ila mvua zinapoelekea mwisho, msimu wa kupiga ntumba, kuna asubuhi naamka viganja vinawaka moto, tope jeusi limejaa kwenye kucha. Binti yangu huniuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" Nafungua mdomo nimjibu, na neno linalotaka kutoka ni moja tu: inama. Naubana mdomo, nalia.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kocha, usitazame kifua wala traksuti. Akikusumbua kwa maswali, mshukuru. Nawe muulize kwao ni wapi, na amewafundisha nani, na watu hao wako wapi leo. Asipokujibu, usimpe mgongo wako hata kwa zoezi moja.