Chupa ya Watoto Kumi

Dada yangu ni mchanjaji, na watoto wa mtaa wetu humwita Mama Uchungu. Wakimwona na kisanduku chake cha barafu hutimua mbio, halafu hurudi wenyewe kuchungulia. Akikasirika hasemi neno. Hufunga kisanduku kwa kishindo, basi. Mimi sina ustaarabu huo. Mimi nasema.

Jirani yetu hufua nguo za watu. Alingoja mtoto miaka mingi mpaka ndugu wa mume wakaanza kunong'ona, na alipompata, hakutaka kubahatisha kitu. Alikuja kwetu na maswali tele.

"Dada, mbona mtu anachanjwa mafua, na mwaka ujao anaumwa tena? Si mnatuchezea?"

Dada akapindua beseni, akalikalia. "Chanjo ni kijidudu kilichodhoofishwa, au kipande chake tu. Mwili unakishika sura, unatengeneza kinga, na zinabaki chembe za kukumbuka. Chenyewe kikija, kinakuta kinajulikana. Sasa mafua yanabadilisha nguo kila mwaka. Malaria ndiyo balaa: inajificha kwenye ini, ikitoka inaingia kwenye damu na kubadilisha nguo humo humo mwilini. Chanjo yake inasaidia, ila haizuii yote."

"Na surua?"

"Surua ni mshamba, ina nguo moja tu. Mtoto akichanjwa, na akarudiwa mara ya pili, ni nadra sana impate."

Jirani akacheka. Mambo ya nguo hayamshindi.

Mtoto alipotimiza miezi tisa, mama yake akampeleka zahanati, ile yenye ukuta ulioandikwa kwa rangi ya buluu "Kinga ni bora kuliko tiba". Dada hufanya kazi hapo, ila alikuwa ametumwa vijijini mwezi mzima. Muuguzi wa zamu akafungua friji, akaifunga.

"Chupa ya surua ni ya watoto kumi, mama. Nikifungua kwa mmoja, dozi zinazobaki hazilali, namwaga jioni, na mganga mkuu atanila nyama. Rudi siku wenzio wakiwepo."

Akarudi, mvua inanyesha. Safari hii walikuwa watoto watatu. "Bado hamjatimia," akaambiwa. Hamjatimia! Kwani wale ni abiria?

Mara ya tatu hakwenda. Mashuka ya watu yalikuwa yamemngoja hadi wenyewe wamechukia. Mtoto alipoletwa na vipele, macho mekundu, kifua kinakoroma, pale pale chini ya ule ukuta nikamsikia mtu akisema, "Mama mzembe." Nilitamani kumzaba kofi, na hadi leo mkono unaniwasha.

Surua iliingia kwenye mapafu. Mtoto alihamishiwa hospitali, na hakutoka wodini akiwa hai.

Baada ya mazishi tulimkuta jirani uani, anafua vijiguo vya mwanawe, vyote, hata vilivyokuwa safi. Hakuinua uso.

"Dada, uliniambia ina nguo moja. Imebadilisha?"

"Hapana, mdogo wangu. Ni ile ile."

"Basi mwanangu ilimpitia wapi?"

Dada alishika upande mmoja wa shuka dogo, wakalikamua pamoja. Mimi nikachukua vilivyokamuliwa, nikavianika.

Siku ya chanjo iliyofuata alikuja mtoto mmoja. Dada akatoa chupa, akang'oa kifuniko, akachanganya dawa na maji yake, akaivuta kwenye sindano. Mganga mkuu akatoka ofisini mbio.

"Sista! Huyo ni mmoja tu!"

"Namwona," dada akasema, akamchoma.

"Na hizo tisa? Unajua unamwaga mali ya umma?"

Dada akafungua friji, akatoa chupa nyingine, ile waliyokataa kuifungua siku zile mbili. Ilikuwa haijaguswa, kifuniko chake kizima. Akaigeuza ili mganga mkuu asome tarehe. Ilikuwa imekwisha muda wake wiki iliyopita.

"Hii mliitunza vizuri," akasema, akaitupa kwenye ndoo.