Mama Mkwe Alikalia Moto Akanyamaza

Mwenzetu huyu wa Makueni ameomba jina lake tulifunike, nasi tumelifunika. Msomeni hadi mwisho, kisha mwambieni ukweli.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, nina mke mmoja, watoto watano na Datsun moja nyeupe. Shule niliachana nayo darasa la sita, lakini dunia nimeisoma: nimeendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba, na pale Mtito Andei hakuna mpishi wa hoteli asiyenijua. Mimi ni mtu wa mizaha. Nikiingia mahali, watu huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Leo sicheki. Nina woga ambao sikuwa nao hata siku breki zilipokataa nikiteremka na lori limejaa saruji.

Ilianza na muziki. Nilitaka Datsun yangu isikike kabla haijaonekana. Nikanunua amplifaya na spika kubwa kama sufuria za harusi, nikampa kazi shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, fundi wa redio pale sokoni. Amplifaya kama ile inakula umeme. Inataka waya mnene kutoka kwa betri, na fyuzi karibu na betri ya kukata umeme kabla waya haujashika moto. Hayo nimeyajua baadaye. Shemeji alitumia waya mwembamba wa taa za nyumba, akaupitisha chini ya kapeti, chini ya kiti cha nyuma, mpaka kwa buti. Fyuzi ilipokuwa inakatika kila mara, akaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

"Sasa haikatiki tena, shemeji."

Nami nikampigia makofi! Nikamtangaza kote kwamba Makueni nzima, hata ukiongeza Kitui, hakuna fundi kama yeye.

Mwezi jana tulienda Mutomo, mimi na mama watoto, kumchukua mama yake aliyekuwa amelazwa hospitali ya misheni kwa ajili ya macho. Wasomaji wa mbali, jueni kwamba kwetu Wakamba kuna nthoni. Mama mkwe wako humgusi, humtazami usoni, na yeye hawezi kukutajia jambo la mwili wake. Basi alikaa nyuma peke yake, kiondo mapajani. Nikafungulia muziki hadi mwisho, mbuzi wakatawanyika barabarani, nikajiona mfalme.

Mji ulikuwa umebaki nyuma kabisa mke wangu aliponusa. "Kuna kitu kinaungua."

"Ni jua la Mutomo hilo," nikamjibu. "Linakaanga hata mawe."

Akageuka nyuma. "Wuui! Mwaitu! Mama yangu anaungua!"

Moshi mweusi ulikuwa unatoka chini ya yule mama, na yeye ameketi wima, ameshika kiondo, machozi yanamtiririka, hasemi neno. Nikasimamisha gari. Mlango wa upande wake ulikwama. Mke wangu anavuta, wapi! Nikaingia kwa mlango wa pili, nikamkumbatia mama mkwe wangu kwa mikono hii miwili, nikamtoa kama mtoto mchanga. Kisha nikang'oa waya kwenye betri. Leso yake ilikuwa imetoboka nyuma kwa moto.

Tukakaa kando ya barabara, kila mtu akitazama upande wake.

"Mwaitu, kwa nini hukusema?" mke wangu akauliza.

"Joto nililisikia mapema," akajibu kwa sauti ndogo. "Lakini ningemwambiaje mume wako kwamba nachomeka huko nilikokalia?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nilale chini. Akaomba jambo moja tu, kupitia kwa binti yake: siku hiyo isitajwe kamwe, kwa mtu yeyote. Nikaapa. Nyumbani tukasema kiti cha gari kilichomwa na makaa ya pasi tuliyokuwa tumeibeba nyuma.

Sasa sikieni kinachonikosesha usingizi. Kanisa letu limepata gari la kupeleka injili Tseikuru likizo ya Desemba, pamoja na watoto waimbaji wa shule ya Jumapili. Linawekwa amplifaya na vipaza sauti. Na fundi ni shemeji. Nani alimpigia debe kwa mchungaji? Mimi, kabla ya moshi.

Nikaenda kuchungulia. Waya ni ule ule wa taa, umepita chini ya viti, na fyuzi inang'aa vile vile. Nikamwambia, "Shemeji, waya huu ndio uliniunguzia kiti."

"Si wewe ulisema ni pasi? Leo imekuwa waya?"

Nikakimbilia kwa mchungaji. Alicheka akashika tumbo. "Wewe na mizaha yako! Juzi si ulisema kijana huyu anaweza kuweka muziki hata kwa punda?"

Mtu pekee wanayeweza kumwamini ni mama mkwe, maana fundi ni mwanawe, na yeye ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Lakini nikimtaja nimevunja kiapo, na kila mtu atajua nilimkumbatia. Mke wangu ameshaniambia, "Ukimwaibisha mama, kwetu nitarudi na uso gani?" Nimefikiria kwenda kuukata ule waya. Watauunga tena kabla chai haijapoa.

Jana mke wangu alitoka kwao na habari. Mama yake amepewa kiti katika gari hilo, katikati, watoto wamzunguke. Amekubali, kwa sababu akikataa ataulizwa ni kwa nini. Na dereva ni mkwe wake mwingine, mume wa binti mkubwa. Yule mama namjua. Joto litaanza chini yake, watoto wakiimba kwa sauti ya juu, naye ataketi wima, atashika kiondo chake, na hatasema neno.

Na safari hiyo mimi sitakuwepo kumtoa.

Ndugu zangu, kwa mara ya kwanza maishani naomba watu wanisikilize bila kucheka. Nivunje kiapo cha mama wa watu, au ninyamaze kama yeye? Nishaurini, nifanye nini? Nishaurini upesi, shule zinakaribia kufungwa.