Chupa za Zambarau za Dani

Nyanya yangu, ambaye nyumbani kwetu karibu na Kosele sote tunamwita dani, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Msimu uliopita alipalilia shamba lake mwenyewe, akang'oa mtama na kuyaacha magugu, safi kabisa, kwa mistari. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alisema mvua ikija kabla hajaona, basi hatashika jembe tena.

Hospitalini Homa Bay muuguzi alimchoma kidole, akasema sukari iko juu. Ikishuka ndani ya wiki tatu, jicho la kwanza litapasuliwa. Isiposhuka, angoje zamu nyingine, na zamu nyingine ilikuwa baada ya mvua.

Tulirudi nyumbani, na habari ikatutangulia. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Zamani mtu alikuja na mayai. Siku hizi anakuja na chupa ya kinywaji cha zambarau chenye vitamini, maana kila mtu anajua kwamba kitu chenye rangi ya damu huongeza damu. Mgeni huifungua mwenyewe, huonja kwanza asije akasingiziwa sumu, kisha humkabidhi mgonjwa kikombe na kumtazama mpaka kiishe. Kukataa ni kumwita mgeni mchawi mbele ya watu.

Nisiwe mtovu wa shukrani. Kinywaji kile kina faida zake. Lebo inazipanga vitamini A, B, C na D kama watoto wa chekechea gwarideni. Kina ladha ya tunda ambalo halijawahi kuota kati ya Oyugis na ziwa, kwa hiyo hakuna awezaye kulalamika kwamba hakifanani nalo. Kinapaka ulimi rangi, mgonjwa akiutoa nje kila mtu anaridhika kwamba dawa imeingia. Chupa yake tupu hutunza mafuta ya taa vizuri mno. Kasoro ni moja tu, imeandikwa kwa herufi za sisimizi: baada ya maji, kinachofuata ni sukari. Uani mapera yalikuwa yakioza chini ya mti, bila lebo, maskini.

Shangazi yangu alifika kutoka Oyugis na chupa mbili.

"Shangazi, dani ana kisukari," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimeleta ya vitamini. Soda ningemletea kama simpendi."

Nikamsomea lebo. Alinisikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri mvua ipite.

"Wewe umesoma chupa, mwanangu. Mimi nimesoma mgonjwa. Tazama viganja, vyeupe kama ugali."

Dani akanywa. Akanywa ya shangazi, ya majirani, ya kina mama wa kanisa waliokuja wote pamoja, kila mmoja na upendo wake wa lita moja. Wiki ya kwanza ilipoisha nikampeleka zahanati apimwe.

"Imepanda," daktari akasema.

Tukarudi kwa miguu, dani amenishika bega. Tulipopita kando ya shamba lake alisimama, akageuza uso upande ule, kana kwamba angeweza kuliona.

Jumapili shangazi akarudi na chupa nyingine, akawakuta kina mama wa kanisa wameketi. Akaifungua, akaonja, akajaza kikombe.

"Onja tena," dani akasema. "Hiyo ilikuwa kidogo."

Shangazi akanywa nusu.

"Na chini je? Siku hizi sumu hukaa chini."

"Mama, unanishuku mimi?"

"Sikushuku. Nakulinda na midomo ya watu. Malizia."

Kina mama wa kanisa walitazama sakafu kwa bidii kubwa. Shangazi akaimaliza chupa nzima, kikombe baada ya kikombe, akabeua.

"Sasa nimeamini ni nzuri," dani akasema. "Mnipe maji."

Tangu siku ile wageni walikuja na mayai. Binamu mmoja aliyetoka mnadani Ogwedhi alileta maziwa ya mgando, akayaonja mara tatu bila kuulizwa. Chupa zilizobaki kabatini nilizimaliza mimi, na lazima nikiri, ni tamu sana.

Wiki ya tatu sukari ilishuka, na jicho likapasuliwa. Kesho yake muuguzi akatoa bandeji. Dani alipepesa, akanitazama kidogo, kisha akamkazia macho shangazi aliyesimama miguuni mwa kitanda.

"Kumbe umezeeka hivi."

"Nimezeekea kukuuguza wewe."

"Mvua imeshanyesha?"

"Bado."

"Basi nipeni viatu vyangu," dani akasema, akaanza kushuka kitandani.