Gari la Mama Mkwe

Mume wangu Method ni fundi umeme wa magari hapa Bariadi, na nakwambia ukweli, hakuna watu waliowahi kunichosha kama yeye na mama yangu juu ya lile gari la Mama. Kwetu mwanaume haongei ana kwa ana na mama mkwe wake. Mama akija gereji kutoka kijijini kwake Ipililo anakaa kwenye benchi amewapa watu mgongo, kanga imefunika uso, na Method naye anainamia boneti. Mimi nipo katikati kama mnara wa simu.

Shida ilianza baada ya kuvuna pamba. Taa ya injini iliwaka, gari likakosa nguvu, kilima kidogo tu linahema. Mashine ya Method ikataja nok sensa, yaani kile kidude kinachosikiliza kama injini inagonga. Kompyuta ya gari isipokisikia inaogopa, inaibana injini. Sasa badala ya kufuata waya, bwana akasema injini inagonga kweli, mafuta ya chupa ya kule kijijini yamechanganywa na mafuta ya taa. Akanituma nimwambie Mama. Mama akanituma nimjibu kwamba muuza mafuta ni mtoto wa dada yake. Nikapeleka, nikaleta. Method akabadilisha plagi, akafuta kosa kwenye mashine, taa ikazimika, gari likaondoka.

Likarudi. Likaenda, likarudi tena. Nikamwambia afungue injini, maana kidude chenyewe kimejificha chini ya menifoldi, yale mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini. Hataki. Gari la mkwe halichokonolewi ovyo, anasema, ukilifungua halafu likakushinda kulifunga, uso utauweka wapi? Nilikasirika mpaka ugali ukaniungulia jikoni. Uso wenyewe ulishaharibika, ila yeye hajui.

Maana Mama alikuwa amenipa neno la mwisho: Jumamosi gari linakwenda kwa fundi wa Mwanza. Na mkweo akikukimbia, nani mwingine atakuletea gari lake? Mji huu una midomo. Method hana ng'ombe wala shamba, gereji ndiyo maisha yake.

Nilipomfikishia neno hilo, Ijumaa akafungua, Mama akiwa palepale kwenye benchi. Kwanza alipima waya unaotoka kwenye kompyuta, umeme haupiti. Akanyanyua menifoldi. Nikasogea. Kile kidude kilikuwa kimezungukwa na pamba nyeupe pamoja na mbegu zake, panya amejitengenezea kiota, na waya umetafunwa umebaki uzi.

"Muulize Mayu gari linalala wapi," akaninong'oneza, maana kwetu Wasukuma mama ndiye Mayu.

Swali hilo nilishalipeleka mara ya kwanza kabisa, na Mama akajibu linalala ndani, mahali pazuri. Kumbe mahali pazuri ni chumba cha pamba inayosubiri wanunuzi! Alilificha lisipigwe na jua, panya wakashukuru. Fundi mwingine yeyote angefika kwenye ile kaya siku ya kwanza akajionea. Mkwe hawezi kwenda bila kuitwa.

"Mwambie Mayu kwamba..." Method akaanza.

"Simwambii," nikasema. "Nimechoka. Leo mdomo ni wako."

Fundi wa jirani akapunguza redio. Method akafuta mikono, macho chini, akazungumza polepole kama anayeungama kwa padri.

"Mayu, gari lisilale na pamba. Panya wanakula waya."

Mama hakugeuka. Nikaanza kuogopa kwamba nimemvunjia mume wangu kila kitu kwa hasira zangu.

"Flora," akasema hatimaye, "mwambie mume wako nimesikia. Na kesho siendi Mwanza. Aje nyumbani, anioneshe mahali pa kulilaza."

Tangu tuoane hajawahi kumwita kwake. Nikageuka nimfikishie ujumbe, lakini Method alikuwa ameshainama tena kwenye injini, anajifuta macho kwa tambara la oili.