Manukato Mbele ya Mzinga

Aliyenisimulia kisa hiki ni shangazi yangu mwenyewe, huko Busawe, msimu uliopita wa kuvuna mtama, mikono yake ikiwa bado imevimba. Aliacha ukarani akiwa na miaka hamsini na mbili, akaanza kufuga nyuki. Jioni ya kurina asali kwa mara ya kwanza alioga, akajipulizia manukato kama alivyozoea kila siku ya kazi. Alipofunua mzinga, mzee aliyekuwa akimfundisha alinusa, akarudi nyuma.

"Mama, umejipaka nini?"

"Ya ofisini tu, mzee."

"Nyuki hawana ofisi! Funika! Usikimbie!"

Shangazi alichelewa kufunika. Nyuki walimwingia ndani ya wavu wa uso. Akasimama kama nguzo, macho kayafumba, mzee akimzungushia moshi.

"Nilijua nakufa," aliniambia, akishika shingo.

"Utarudi?"

"Jumamosi." Akanywa funda la chai. "Nitaoga maji matupu."

Tunaaga ofisi kwa keki na hotuba, lakini mazoea yake tunaondoka nayo mwilini.

Shangazi yu hai, na mzee yu hai. Mbuzi wake, aliyekuwa amefungwa jirani na mzinga jioni ile, aliumwa na nyuki, hakuiona asubuhi.