Benchi la Leokadia

Mwaka 1989 hapakuwa na Mkatoliki Mji Mkongwe asiyejua kwamba Leokadia, mke wa Vitalis fundi bomba, hapokei komunyo. Misa ikifika hapo, benchi lake zima huinuka, watu wakajibana kumpita magotini, na yeye hubaki amekaa, kainamisha shingo, kashika rozari asiyoisali. Wakatoliki wa Unguja ni wachache, na uchache huo haukuwafundisha kupendana. Umewafundisha kuchunguzana.

Basi yakasemwa. Mmoja alisema keshasilimu kwa siri na kwamba ana shoga yake kule Jang'ombe anayemfundisha kusali. Mwingine alisema ana bwana kule Fumba. Mama mmoja wa kwaya, mwenye sauti nzuri na roho mbaya, alisema dhambi ikiwa ndogo mtu huiungama yakaisha, kwa hiyo hii si ndogo. Hakuna aliyemwendea mwenyewe kumuuliza. Kuuliza kungewaharibia raha.

Shina la mambo lilikuwa ngazini kwake. Vitalis na mkewe walikaa Baghani, orofa ya pili ya nyumba kongwe, pamoja na binti yao Bibiana na mama yake Vitalis, Bi Apolonia. Ngazi ya nyumba ile ni ya mbao, nyembamba, imesimama wima, na ina giza mchana kutwa. Pa kushikia pana kamba ya katani iliyofungwa juu mpaka chini, imekuwa nyeusi kwa jasho la viganja vya watu.

Bi Apolonia ujana wake wote alifua vitambaa vya altare kwa masista, akavitia wanga na kuvipiga pasi mpaka vikasimama vyenyewe. Kazi hiyo ilimwachia tabia ya kuona doa kila mahali, na siku Vitalis alipomleta mchumba nyumbani, aliona doa. Alimshika mkono akauachia papo hapo.

"Mikono yake ya baridi," alimwambia mwanawe, Leokadia akiwa amesimama pale pale. "Mtu wa mikono ya baridi hana huruma."

Tangu hapo hawakuwa na siku njema. Nguo alizofua Leokadia zilirudishwa majini, na mchuzi aliopika ulionjwa kwa ncha ya ulimi kisha ukasukumwa kando. Alipokuwa na mimba ya Bibiana, maji yalikuwa hayapandi juu, akawa anayateka kwenye mfereji wa chini na kuyapandisha kwa ndoo. Mama mkwe hakunyoosha hata kidole. Wakikutana ngazini, bibi alikuwa akigeukia ukutani, akaishika ile kamba kwa mikono miwili, akasema kwa ukali, "Pita. Pita upesi." Leokadia alipita na tumbo lake na ndoo yake, na neno lile akaliweka moyoni asilitoe tena.

Miaka ikapita, bibi akaingiwa na mtoto wa jicho, miguu nayo ikalegea. Kumshusha kwenda kanisani ikawa kazi ya mkwe. Jumapili moja ya Kwaresima walikuwa katikati ya ngazi, bibi mbele, Leokadia nyuma kamshika kwapani, bibi akilalamika kama kawaida kwamba anavutwa kama gunia. Ndipo wazo likamjia Leokadia kichwani, limekamilika, kwa sauti inayofanana na yake mwenyewe. Msukume.

Alisimama kama aliyepigwa na umeme. Akauona mwili wa bibi ukibingirika mpaka chini, akauona mguu umekunjika vibaya, akasikia hata kishindo.

"Unasimama nini?" bibi aliuliza.

"Hakuna kitu, mama."

Jumamosi iliyofuata alikwenda kuungama. Padre wa wakati ule alikuwa mzee wa Kizungu mwenye masikio mazito na chakula chake kinamngoja mezani. "Mawazo mabaya? Salamu Maria tatu." Akarudi Jumamosi ya pili. Salamu Maria tatu. Akarudi tena na tena, na kadiri alivyoliungama ndivyo wazo lilivyonawiri, mpaka likawa linamjia akiosha vyombo, akimsuka Bibiana, akipiga magoti. Kwenye sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa, watu wakifika pale pa kusema wamekosa kwa mawazo, alijipiga kifua mpaka jirani yake akasogea. Sala imesema mawazo, yeye anayo mawazo, basi yeye ni muuaji. Hesabu yake ilikuwa hiyo na hakuna aliyemsahihishia. Akaacha komunyo. Kisha akaacha kumshusha bibi ngazini.

"Ngazi hii itamuua mama," alimwambia mumewe.

Vitalis ni mtu wa kukubali ili apate kula kwa amani. "Basi na akae juu," alisema, akavuta sahani yake.

Bi Apolonia akakaa juu. Pasaka ikapita, ikapita Krismasi. Leokadia alimpelekea chakula, akakiweka mlangoni, akaondoka mbio, kwa kuwa hata kumkaribia aliogopa. Bibi hakujua khofu hiyo. Alichojua ni kwamba mkwe wake hatimaye kamweza. Akawa anakaa dirishani, anateremsha kikapu kwa kamba kuomba ugoro kwa wapita njia, na Jumapili anawapigia kelele wanaotoka Misa: "Mwambieni padre Apolonia hajafa. Kafungwa."

Chini ya nyumba alikaa Bi Shemsa. Babu zake, Waarabu wa mji, ndio walioijenga nyumba ile. Mapinduzi yakaichukua, naye akabakishiwa vyumba viwili vya uani, akawa hapendi mtu yeyote aliye juu ya kichwa chake. Siku moja alimwita Leokadia akiwa mferejini.

"Mama Bibiana."

"Naam, Bi Shemsa. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumba ya babu yangu mmeigeuza jela, mnajua? Yule bibi analia na mimi namsikia. Kakufanya nini hata humshushi?"

Leokadia alitaka kumjibu vibaya, akashindwa. "Nnaogopa. Kuna mawazo yananijia, siyataki, nayo yanakuja. Nnaogopa dhambi."

Bi Shemsa alimtazama bila huruma yoyote. "Huo ni wasiwasi. Kakangu Hamed ulimwingia wa udhu. Ataosha mkono, atasema haujatakata, ataosha tena, mpaka sala inampita. Mungu hakumdai maji yote yale. Kamdai sala, na sala haikuwapo."

"Dini yenu na yetu si mamoja," Leokadia alisema, akanyanyua ndoo.

"Si mamoja. Ngazi ni moja."

Leokadia alipanda huku anachemka. Alimwona Bi Shemsa ni mshari tu, mtu wa kuingilia ya watu. Lakini ile habari ya Hamed na maji yake ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwaresima ya mwaka uliofuata parokia ilipata padre mwingine, Kanuti, kijana kutoka bara, mfupi, hasira zake karibu. Leokadia alipiga magoti kwenye kiti cha maungamo na mashtaka yake yale yale.

"Nimekosa kwa mawazo, Baba. Kumsukuma mama mkwe wangu ngazini."

"Unataka kumsukuma?"

"Wazo linanijia."

"Sijauliza kinachokujia. Nimeuliza unachotaka."

"Sitaki, Baba. Likija nnatetemeka mpaka meno yanagongana."

"Na yeye mwenyewe unampenda?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na padre wala na mtu mwingine. "Simpendi. Tangu siku ya kwanza."

"Hilo nalo tutalifikia. Sasa sikiliza, maana sitarudia. Dhambi ya mauti inataka jambo liwe zito, ulijue, na uliridhie. Jambo ni zito, umelijua, hukuliridhia hata siku moja. Hilo ni jaribu. Limekuja bila kuitwa, umelikataa, basi. Umewachosha mapadre kwa kuungama kitu ambacho hukukitenda." Akavuta pumzi. "Huyo mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Juu."

"Kanisani anakuja?"

"Haji."

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima ya mwaka jana."

"Nani kamzuia?"

"Mimi. Niliogopa nisije—"

"Uliridhia kumzuia?"

Leokadia aliizungusha rozari kiganjani.

"Mwanzo wa Misa unapiga kifua, nimekuona, benchi zima linatikisika. Unapiga kwenye mawazo. Baada ya maneno na vitendo, sala inasemaje?"

"Na kwa kutotimiza wajibu," Leokadia alisema.

"Hapo hupigi. Hapo mkono umeshachoka." Padre hakupunguza ukali hata kidogo. "Malipizi yako ni haya. Asubuhi ya Pasaka nimwone amekaa mbele yangu. Utamshusha wewe, si mumeo. Na ile habari ya mawazo usiniletee tena."

"Na likija ngazini?"

"Litakuja. Likija, shuka nalo."

Alitoka amemchukia padre kwa moyo wake wote. Mwaka mzima alijihesabu mwenye dhambi ya kutisha, dhambi kubwa kuliko za wenzake, na mtu huyu kamwambia hana hiyo. Kampa nyingine, ndogo, ya aibu, ya kumnyima kikongwe njia. Ile ya kwanza ilikuwa na heshima zaidi.

Asubuhi ya Pasaka Bi Apolonia alikuwa amekwishavaa kabla hajaambiwa. Kitambaa chake cheupe cha kichwa kilitiwa wanga, na aliyekitia ni yeye mwenyewe, kwa kupapasa. Vitalis alitaka kumshika mamake.

"Wewe tangulia na Bibiana," Leokadia alisema. "Nimeamrishwa mimi."

"Leo umekumbuka kwamba nna miguu," bibi alisema. "Kaa nyuma yangu. Sitaki kukitazama kisogo chako."

Wakaanza. Leokadia alimshika kwapani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaikamata kamba. Walipofika katikati, pale pale pa mwaka jana, wazo lilikuja kama padre alivyosema. Msukume. Akasimama.

"Unasimama nini?" bibi aliuliza. "Ndiyo yale yale."

Chini, mlango wa Bi Shemsa ulifunguka kidogo. Leokadia hakujali tena nani anasikia.

"Mama, sikukushusha kwa kuwa nliogopa nitakusukuma. Linanijia wazo hilo hapa hapa. Silitaki, wallahi silitaki, lakini linanijia."

Hakusema "wallahi" maishani mwake ila siku hiyo. Bi Apolonia hakugeuka. Aliipapasa kamba mpaka akaishika.

"Ulipokuwa na mimba ya Bibiana," bibi alisema, "unapanda na ndoo. Unadhani kamba hii nlikuwa nnaishikia nini, mikono miwili?"

Leokadia alimwona tena bibi yule, amegeukia ukutani, vidole vimekaza mpaka vimekuwa vyeupe. Pita. Pita upesi.

"Na wewe, mama?"

"Nlikwenda kwa padre kila Jumamosi. Salamu Maria tatu." Bibi alicheka kwa pua, kicheko kisicho na furaha. "Sikukupenda, na hata leo sikupendi sana. Lakini sikukusukuma. Nlikimbia ngazi ukapanda na ndoo peke yako, mimba ya miezi minane. Hilo sikuliungama kwa padre yeyote. Nlikuwa na shughuli na lile jingine."

Leokadia alikuwa analia na hana mkono wa kujifutia.

"Shuka," bibi alisema. "Misa haitungojei."

Walikaa benchi lile lile la Leokadia. Mama wa kwaya aliwaona, akaruka ubeti mzima. Sala ya kuungama ilipofika, Leokadia alipiga kifua polepole, na kwenye wajibu akapiga kama alivyopiga kwenye mawazo. Pembeni yake alisikia ngumi ya kikongwe ikigonga mifupa mahali hapo hapo.

Kisha komunyo. Benchi likainuka, watu wakajibana kupita, na Leokadia akabaki amekaa kwa mazoea. Bi Apolonia alimshika kanga.

"Inuka. Mimi njia siioni."

Akainuka. Walikwenda taratibu katikati ya kanisa, na macho yote yaliyomhukumu mwaka mzima yakawa juu yake. Mbele ya altare pana kidato cha marumaru. Bibi alipoinua mguu kukipanda, wazo likaja tena, bila haya, mbele ya Ekaristi. Msukume. Leokadia alikaza mkono wake, akampandisha, wakapokea wote wawili.

Waliporudi kitini, bibi alikaa, akakinyoosha kitambaa chake cha kichwa. Halafu akasema kwa sauti ambayo benchi la nyuma liliisikia vizuri, "Mikono yako bado ya baridi."

"Ndiyo, mama."

"Kurudi kuna kupanda. Usiniachie."